Kitenge cha Mt. Sesilia tulichochapishia Kariakoo: kizuri sana ila wahini oda

Wanakwaya wa Dar mnaotafuta kitenge cha Mt. Sesilia, somo (mtakatifu msimamizi) wetu, kabla ya sikukuu yake 22 Novemba, sisi tulichapishia duka moja huko Kariakoo ndanindani, na dizaini nawapa nyota zote.

Sampo ya kwanza walituletea dada mrembo kakaa kwenye kinanda, maua kichwani, basi. Tukaikataa, jamani huyu ni shahidi, aliuawa kwa ajili ya imani! Inasimuliwa siku ya harusi yake Roma vyombo vinapigwa yeye anamwimbia Mungu moyoni, ndo maana wanamuziki wakamchukua kuwa somo wao, hicho kinanda kimekuja kuingia kwenye picha karne nyingi baadae. Mumewe Valerian na shemeji yake Tiburtius aliwavuta kwenye imani wakauawa kabla yake, halafu yeye wakamfungia bafuni afe kwa joto na mvuke, hakufa, wakamkata shingo mara tatu na bado akaishi siku tatu. Sasa mtu kama huyo unamchoraje kama yuko shoo?

Tukaomba vitu viwili, mkononi tawi la mtende ambalo ndo alama ya mashahidi, na kwenye pindo awepo amelala vile mchongaji Stefano Maderno alivyomchonga baada ya kaburi lake kufunguliwa mwaka 1599, ile sanamu iliyoko kanisani kwake Trastevere, huko Roma. Kalala ubavu, uso kaugeuzia chini, shingoni alama ya upanga, mkono mmoja kanyoosha vidole vitatu na mwingine kimoja, Mungu mmoja nafsi tatu. Kijana wa dizaini hakuchoka, alirudia vile vidole mpaka vikaonekana vizuri, kuna mama wa sauti ya pili alipokiona alilia kabisa.

Kitambaa ni pamba, kizito, tumefua hakichuji na ule wekundu umeiva.

Sasa mzigo ulichelewa mpaka mafundi wakashona usiku kucha, na vipande vingine jina la parokia limekatwa pembeni, walivibadilisha ila baada ya kelele nyingi. Kwahiyo lipeni nusu tu kwanza na msimalize hela kabla hamjafungua kila kipande. Bei iko juu kuliko vitenge vya kawaida, mkiungana na kwaya jirani inashuka. Mwaka huu tunarudi hapohapo, jina la parokia tu ndo tutawaambia walisogeze ndani kidogo.