Pawabenki za Kununua, Kuanzia Inayofaa Hadi Inayosema Uongo

Wanunuzi wengi wa pawabenki huchagua kwa kusoma tarakimu kubwa iliyochapishwa kwenye boksi, na wauzaji, ambao hawajambo kwa kuzisoma nyuso za wateja, wameendelea kuikuza tarakimu hiyo hadi imepoteza uhusiano wowote na betri iliyomo ndani. Orodha hii imepangwa kwa vigezo vingine viwili: ni nishati kiasi gani inayofika kweli kwenye simu, na je, kifaa chenyewe kitatoka nyumbani pamoja na mwenyewe.

Hesabu moja ni ya lazima kabla ya kugawa nafasi. Maandishi ya 10,000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) yanahusu seli za ndani, ambazo hufanya kazi kwa wastani wa volti 3.7, ilhali tundu la USB hutoa volti 5 au zaidi. Hifadhi halisi ya kifaa hicho ni wati-saa 37, na sehemu yake hupotea kama joto volti zinapobadilishwa, kisha nyingine ikapotea ndani ya simu yenyewe. Kwa hiyo pawabenki ya 10,000 haijazi simu yenye betri ya 5,000 mara mbili. Huijaza mara moja na nusu, au zaidi kidogo ikiwa imetengenezwa vizuri. Mtengenezaji mwaminifu hukiri jambo hilo mwenyewe kwa herufi ndogo mno upande wa nyuma, jirani na mchoro unaokataza kutupa betri jalalani, akitaja uwezo wa takriban 6,000 kwa volti 5. Inashangaza kwamba katika biashara hii kifaa kinachokubali kutoa 6,000 ndicho cha kuaminiwa, na kile kinachodai kutoa zote ndicho cha kukimbiwa.

Nafasi ya kwanza naipa pawabenki ya 10,000 mAh yenye tundu la USB-C linaloingiza na kutoa umeme, kwa mfumo wa kuchaji kwa kasi uitwao Power Delivery, wa wati 20 au zaidi. Ina uzito wa gramu 200 hivi, huingia mfukoni bila kuvuta suruali, na kwa sababu hiyo hutoka nyumbani, sifa ambayo wapenzi wa vifaa tunaidharau kila tunapoona kilicho kikubwa zaidi. Anker, Xiaomi na Oraimo wanazo za aina hii. Oraimo ina faida ya kupatikana kwa urahisi huku kwetu, kwa kuwa ni ya kampuni ya Transsion, ileile inayotengeneza Tecno, Infinix na itel.

Hapa ningependa kusisitiza kasi ya kuingiza umeme, ambayo matangazo huipita haraka ili kuzungumzia kasi ya kutoa. Mahali penye mgao, umeme unaweza kurudi saa sita usiku na kuondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Pawabenki ya 20,000 inayoingiza wati 10 kupitia tundu la kizamani la micro-USB huhitaji saa nane hadi kumi kujaa, kwa hiyo asubuhi itakuwa imefika nusu, huku taa zake nne zikimetameta kwa matumaini. Inayoingiza wati 20 au 30 itaambulia chakula kamili katika dirisha hilohilo, ilimradi chaja ya ukutani nayo iwe na nguvu hiyo. Wengi hununua pawabenki ya kasi kisha wakaichomeka kwenye chaja iliyokuja na simu ya mwaka 2014, halafu wakalilaumu shirika la umeme, ambalo kwa mara moja halina kosa.

Ya pili ni ya 20,000 mAh, yaani wati-saa 74, yenye uzito wa kati ya gramu 350 na 450. Hii ni ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, ya nyumba yenye watu wengi, na ya mtu mwenye kompyuta ndogo inayochajiwa kwa USB-C, ambaye atafute yenye wati 45 au 65. Iwe na matundu matatu. Siku ya harusi ya ndugu, mwenye pawabenki hutambulika kabla ya bwana harusi, na shangazi akishasema, “Mwanangu, niwekee kidogo tu,” mjadala wa vipimo huwa umekwisha. Inayoweza kutoa volti 12 inaweza pia kuendesha ruta ya nyumbani kwa waya maalumu, lakini uwezo huo usichukuliwe kuwa upo hadi uonekane umeandikwa kwenye orodha ya volti.

Ya tatu ni betri kubwa ya lithiamu-chuma-fosfeti, ile yenye mkono wa kubebea na soketi za kawaida. Seli zake huvumilia kujazwa na kumalizwa zaidi ya mara 2,000, wakati seli za pawabenki za kawaida huanza kuchoka baada ya mara 300 hadi 500. Yenye wati-saa 250 itaendesha ruta na taa usiku kucha. Ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa bei yake na kilo zake tatu au zaidi.

Ya nne ni ile ndogo ya sumaku inayonata mgongoni mwa simu. Inapendeza, hupoteza nishati nyingi kwa njia ya joto, na haifai kitu kwa simu nyingi zinazouzwa mitaani kwetu, kwa kuwa hazichajiwi bila waya.

Ya tano ni ya sola. Kipande cha sola chenye ukubwa wa kiganja hutoa wati moja au moja na nusu jua likiwa kali, kwa hiyo kuijaza ya wati-saa 74 kungehitaji zaidi ya saa 50 za jua la moja kwa moja. Zaidi ya hayo, seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45, nalo ndilo joto zitakalopata zikianikwa juani. Tochi yake, nakiri, ni nzuri sana.

Ya mwisho ni ile ya “50,000 mAh” inayouzwa kwa bei ya chipsi kuku, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, kwa maneno “kaka, hii orijino, inakaa wiki nzima.” Seli ya kawaida ya duara aina ya 18650 haizidi sana 3,500 mAh na ina uzito wa gramu 45 hadi 50, hivyo 50,000 za kweli zingehitaji seli zipatazo 15 na kukaribia gramu 700 kabla ya ganda. Ikiinuliwa kwa vidole viwili, jibu limepatikana.

Uongo huo una gharama nyingine uwanja wa ndege. Pawabenki hubebwa kwenye mzigo wa mkononi tu. Hadi wati-saa 100 hupita bila kibali, kati ya 100 na 160 huhitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zaidi ya hapo haipandi. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu abiria kubeba moja tu isiyozidi wati-saa 100, bila kuitumia safarini. Ya 50,000 ingekuwa na wati-saa 185, na mkaguzi huamini kilichoandikwa, kwa hiyo msafiri wa Dubai atanyang'anywa kifaa kwa kosa la kuwa na nguvu ambazo hakijawahi kuwa nazo, na utetezi pekee alio nao ni kueleza mbele ya foleni kwamba aliuziwa feki.