TAHADHARI: Anayepita maofisini Dodoma akiuza "leseni ya kudumu ya bei ya NGO"

Ndugu zangu wa asasi za hapa Dodoma, hasa ninyi wenye ofisi za watu watano hadi kumi kule Area D, Ilazo, Kisasa na Nzuguni, someni hii kabla hamjasaini profoma yoyote ya kompyuta. Kuna mtu anapita ofisi kwa ofisi akiuza kompyuta mpakato zilizotumika Ulaya, pamoja na anachokiita "leseni ya kudumu ya bei ya NGO". Sisi ametuumiza, na fedha yenyewe ilikuwa ya mradi wa watoto. Siwezi kunyamaza.

Alikuja Februari 2025. Nadhifu, kitambulisho shingoni, mkononi barua yenye nembo inayosema ni wakala aliyeidhinishwa. Maneno yetu yote anayajua: mfadhili, robo mwaka, fungu la vifaa. Akatuambia Microsoft ina bei maalumu kwa mashirika yasiyo ya kiserikali na yeye ndiye anayeileta Kanda ya Kati. Tukachukua mashine 9 kwa shilingi 480,000 kila moja, na leseni za Windows na Office kwa 95,000 kila mashine. Jumla 5,175,000. Tukalipa kwa simu, tena kwa namba ya mtu binafsi, maana alidai mashine yake ya EFD (ya kutolea risiti za kodi) iko kwa fundi na risiti ataileta wiki hiyohiyo. Akatuachia risiti ya kuandikwa kwa mkono, yenye mhuri. Tarehe 18 Februari mashine zikawa mezani, zimeshapigwa Windows, kila kitu kinafunguka.

Jumatatu ya tarehe 18 Agosti mhasibu wetu aliwasha mashine akakuta maandishi ya kijivu kona ya chini kulia: Windows haijaamilishwa, yaani leseni yake haitambuliki. Akafungua Excel, juu kuna ukanda mwekundu. Kufika saa nne asubuhi ni mashine zote tisa. Nikampigia yule bwana. Alipokea, tena kwa upole, akasema mfumo umebadilika huko Marekani, kwa hiyo atakuja "kuhuisha" kwa shilingi 40,000 kila mashine. Niliposema tumelipia leseni ya kudumu na naomba uthibitisho wake, simu ikakatika. Tangu siku hiyo hapatikani.

Hesabuni siku wenyewe: kutoka 18 Februari, siku ya 180 ilikuwa 17 Agosti. Siyo bahati mbaya. Kuna utaratibu unaoitwa KMS, halali kabisa, wa makampuni makubwa na vyuo. Taasisi inakuwa na seva yake ya leseni, yaani kompyuta kuu ya kuzithibitisha, kompyuta zake zinajiandikisha hapo, na kila uandikishaji unadumu siku 180. Kompyuta ikiendelea kuiona seva inahuisha yenyewe na hakuna anayejua. Yule bwana anatumia kiprogramu kinachojifanya seva hiyo kwa dakika chache, kisha anaondoka nacho. Kuanzia hapo siku zinahesabika, na zikiisha anarudi kuwatoza tena. Anachouza hakikuwa chake kuuza, na hata hicho kina mwisho.

Kilichoniumiza zaidi alikigundua kijana fundi tuliyemwita baadaye. Alifungua Windows Security akatuonyesha orodha ya vitu ambavyo kinga ya virusi imeamriwa isivikague. Ilikuwemo folda moja kwenye diski C, ileile kwenye mashine zote tisa. Vile viprogramu vya kuvunja leseni kinga huwa inavikamata, kwa hiyo anayeviweka anaifumba macho kwanza. Pia kulikuwa na akaunti ya pili yenye mamlaka yote, ambayo hakuna mtu ofisini aliyeifungua. Mashine moja kati ya hizo ni ya afisa ufuatiliaji wetu. Ina majina ya watoto wa vijiji vya Chamwino na Bahi, hali zao za kiafya, namba za simu za walezi. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zikivuja wa kuulizwa ni sisi tuliozikusanya.

Na mashine zenyewe hazikuwa alizozitaja. Profoma iliandika prosesa ya Core i5 jenereshini ya nane, yaani toleo la nane. Kibandiko kwenye mashine kinasema Core i5 tu, nasi tukaridhika. Ukifungua taarifa za mfumo unakuta i5-6300U. Kwa prosesa za umri huu, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo jenereshini: hii ni ya sita. Tofauti ni kubwa, kwa sababu Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, kuanzia ya nane, na Windows 10, ambayo ndiyo inayobaki kwa mashine kama hizi, Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Alituuzia mashine zilizobakiwa na miezi minane ya ulinzi.

Kisha akaja mkaguzi wa mfadhili. Hakuna risiti ya EFD, hakuna hati ya leseni yenye jina la asasi. Gharama yote ikakataliwa, na inarudishwa kutoka mfuko wetu mdogo wa uendeshaji.

Kwa hiyo muuzaji akifika, mwombe mashine moja uiwashe mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Likitokea dirisha lenye tarehe ya kuisha, hiyo siyo ya kudumu, asikudanganye. Andika tena slmgr /dlv: ukiona neno KMSCLIENT, rudisha mashine. Risiti ya EFD idai kabla mtu hajaondoka, na uihakiki kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, verify.tra.go.tz. Lipa kwa namba au akaunti yenye jina la biashara lililo kwenye profoma, si vinginevyo.

Tena mashine nyingi za ofisi zilizotoka Ulaya zina ufunguo halali wa Windows uliowekwa na mtengenezaji ndani ya mashine. Zetu zote tisa zilikuwa nao. Ndani ya ile 95,000 tulilipia Windows iliyokuwa tayari imo.

Hiyo "bei ya NGO" ipo kweli, ila haiji na mtu mwenye flashi. Microsoft wanaipa asasi iliyohakikiwa Microsoft 365 Business Basic bila malipo, hadi watumiaji 300: barua pepe, Teams, na Word na Excel za kutumia kwenye kivinjari. Asasi inaomba yenyewe kwenye tovuti yao kwa cheti chake cha usajili. Sisi tumeomba na tumepata. Kwa kazi za vijijini ambako mtandao unakatika tumeweka LibreOffice, ambayo ni bure na inafungua mafaili ya Word na Excel. Mashine nane kati ya tisa sasa zina Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, bure pia, na kwa jenereshini ya sita inakimbia vizuri. Moja tumeibakiza na Windows ya ufunguo wake kwa ajili ya programu ya uhasibu, na hiyo haiunganishwi na intaneti.

Kama ameshawauzia, msisubiri siku ya 180. Hamisheni mafaili yenu kwenye diski ya nje, yakaguliwe virusi kwenye mashine nyingine safi, kisha futeni kila kitu na mpige mfumo upya. Badilisheni nywila zote, mkianza na ya benki na ya barua pepe, na mzibadilishie kwenye mashine ambayo hajaigusa. Profoma yake, ile barua ya uwakala na ujumbe wa malipo msivitupe. Sisi vyetu tumeshavipeleka polisi, na asasi nyingine zikipeleka vya kwao, jalada litakuwa na uzito.