Uzoefu Wangu: Joka Lilikuja Zima, Mpelelezi Akaja Nusu

Duka ninalotaka kulieleza liko ghorofa ya kwanza ya jengo kuukuu katikati ya Nairobi, hatua chache kutoka Moi Avenue, baina ya vibanda vya kutengeneza simu na fundi mmoja wa cherehani, na kazi yake ni kumjazia mteja filamu na tamthilia kwenye flashi. Sitalitaja jina, ingawa kwa siku kadhaa nilikuwa tayari kulitaja kwa herufi kubwa. Lalamiko langu ni moja tu: watu wa duka hilo hawajui tofauti kati ya filamu ya dubwana na kipindi cha upelelezi, na kwa sababu hiyo waliniuzia kisa cha mauaji kisicho na muuaji.

Nianze na madubwana, kwa kuwa upande huo sina ugomvi nao. Nazipenda filamu hizi mbovu na sioni haya kusema hivyo. Joka la Anaconda, ile filamu ya mwaka 1997 ambayo vijana wengi wa mitaa yetu waliiona kwenye vibanda vya video kabla ya kuruhusiwa nyumbani, hupiga mayowe kila linaporuka, ilhali nyoka hana nyuzi za sauti na anachoweza ni kufoka tu. Kuna mahali mashua inarudi nyuma mtoni na maporomoko ya maji yanapanda mlima badala ya kushuka, kwa sababu picha ilichezwa kinyumenyume na hakuna aliyejali. Halafu mwigizaji Jon Voight, akiwa amekwisha kumezwa na kutapikwa, anakonyeza jicho. Mtu awezaye kulitazama jambo hilo bila kucheka namwonea huruma.

Raha ya filamu hizi ni kwamba zinakuruhusu kuzungumza. Nyumbani kwetu mpwa wangu hujitia DJ Afro, yule msimulizi aliyejipatia jina nchini kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na humpa kila mhusika jina la jirani tunayemfahamu. Dada yangu, ambaye alifundisha biolojia miaka mingi, hawezi kuitazama Them!, filamu ya 1954 ambamo majaribio ya bomu la atomiki katika jangwa la New Mexico yanazaa sisimizi wakubwa mfano wa magari, bila kutukumbusha kwamba mdudu akikuzwa mara kumi kwa urefu, uzito wake huongezeka mara elfu, ilhali nguvu ya miguu inayombeba huongezeka mara mia pekee, kwa hiyo angevunjika vipande kabla hajamfikia mtu wa kumla. Hotuba hiyo tumeizoea na bado tunaingoja. Hata Godzilla wa kwanza wa Japani, ambaye kwa kweli hastahili kuitwa mbovu, maana filamu ile ya 1954 ni ya majonzi na ilitoka miaka tisa tu baada ya Hiroshima na Nagasaki, alikuwa mtu ndani ya vazi: Haruo Nakajima, akivuja jasho chini ya mpira mzito huku akiikanyaga Tokyo ya vijumba vya kuchezea. Mngurumo wake mtunzi Akira Ifukube aliupata kwa kusugua nyuzi za fidla kubwa ya besi kwa glovu ya ngozi. Kila ninapoujua ujanja mmoja zaidi, nacheka zaidi.

Tena filamu hizi haziharibiki. Stima ikipotea katikati na kurudi baada ya nusu saa, hakuna mtu aliyepoteza kitu: joka bado lina njaa na watu bado wanaingia majini.

Kipindi cha upelelezi wa kale kina sheria nyingine kabisa. Nakusudia vile vinavyohusu Uingereza ya kati ya vita viwili vikuu, na hasa vile vya Hercule Poirot, mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie, ambavyo David Suchet aliviigiza kuanzia 1989 hadi 2013, jumla ya visa 70. Hapa kelele hairuhusiwi. Mpwa wangu huondolewa sebuleni au huapishwa. Ninapenda kofia, magari yenye taa za mviringo, vikombe vyembamba vya chai, na lile jengo lenye ukuta wa mbele uliopinda lililosimama London katika Charterhouse Square, Florin Court, linalojifanya makazi ya Poirot. Napenda pia kuguna, kwa sababu karibu kila nyumba kubwa katika vipindi hivi ina mjomba aliyetajirikia makoloni, na sisi tuliozaliwa upande wa pili wa utajiri huo hatuwezi kumsikia akitajwa bila kutazamana. Hata hivyo vyote hivyo, pamoja na chai yenyewe, ni mkopo. Mtazamaji hukopesha umakini wake saa nzima, akikumbuka nani alifunga dirisha na nani alidai kuwa bustanini, naye anatarajia kulipwa katika dakika kumi za mwisho, mpelelezi anapowakusanya watu wote chumba kimoja, akawatuhumu mmoja baada ya mwingine, akawaachilia, kisha akasimama mbele ya yule aliyebaki.

Nami nilikatiwa hapo hasa.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Kisa chenyewe sitakitaja, kwa sababu nina adabu ambayo wengine hawana, kama itakavyoonekana hapa chini. Watu walikuwa wameketi, mlango umefungwa, Poirot amekwisha kuyanyoosha masharubu yake na kuzunguka chumba nusu, akageuka, akafungua kinywa, na picha ikaganda. Sekunde chache baadaye televisheni ikaturudisha kwenye orodha ya mafaili. Tulijaribu tena. Tukahamia kwenye kompyuta ya mpwa wangu, na huko ikaonekana wazi kwamba faili hilo lilikuwa dogo kuliko mengine yote, yaani lilinakiliwa likaachwa njiani. Kwa hasira nilifungua Anaconda iliyokuwa kwenye flashi ileile, nikaisogeza hadi mwisho. Ilikuwa imekamilika hadi jina la mwisho la mfanyakazi wa mwisho. Joka lisilohitaji mwisho lilipewa mwisho wake wote.

Niliporudi dukani kila kitu kilinichukiza. Ngazi zilinuka, bango la mlangoni lilikuwa na makosa ya tahajia, na feni iliyokuwa ikizunguka darini haikuleta upepo wowote isipokuwa sauti. Kijana aliyenihudumia mara ya kwanza alikuwa palepale, kifaa cha muziki kikiwa kwenye sikio moja.

“Kijana wangu, habari ya kazi?”

“Poa, mzee. Sema.”

Nikamweleza kwa utaratibu. Akauliza kama ni ya yule mzungu wa masharubu, akabonyeza bonyeza, kisha akasema bila kuniangalia, “Hiyo flashi yako ni mbaya.” Nikamwambia kuwa joka limecheza hadi mwisho kwenye flashi hiyohiyo. “Basi ndivyo ilikuja,” akasema, na ndipo, akiwa ananirudishia flashi, akaongeza neno ambalo sijalisahau: “Lakini mzee, si ni daktari ndiye alimuua? Sasa umejua. Kuna kitu ingine?”

Wateja wawili nyuma yangu wakacheka.

Nimewahi kufokewa na makanga, nimewahi kuambiwa na karani nirudi kesho naye anajua kesho ni sikukuu, lakini sikumbuki kuonewa namna ile. Kijana yule aliamini kwamba nilichokosa ni jina, na kwamba akinitajia jina deni limekwisha. Kama shida yangu ingekuwa jina, ningelitafuta kwenye simu nikiwa kwenye kiti changu na kuokoa nauli. Nililipia kupelekwa hadi kwenye jina hilo taratibu, nikibishana na dada yangu njia nzima, kila mmoja akiwa na mshukiwa wake na akimtetea kwa ushahidi wa dirisha na bustani. Anachouza duka lile ni hicho, na aliyekaa kaunta hana habari nacho.

Jambo hilo liliniudhi zaidi kwa kuwa yeye ni mtu wa Nairobi, na Nairobi ina kisa chake cha namna hii. Januari 1941 Lord Erroll, mlowezi mwenye jina kubwa na mahusiano mengi, alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake upande wa Karen, kitongoji cha jiji hili. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana alikuwa mpenzi wa Erroll, alishtakiwa, akaachiliwa huru mwaka huohuo, na akafa mwaka uliofuata. Hakuna mwingine aliyepatikana na hatia. Kwa zaidi ya miaka 80 watu wameandika vitabu na kutengeneza filamu, kila mmoja akija na muuaji wake, na hakuna sebule ambamo wote waliwahi kukusanywa na mtu akaambiwa asimame. Mji uliokatiwa dakika zake za mwisho namna hiyo ungepaswa kumhurumia mteja aliyekatiwa zake.

Nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni, na tathmini hii ilikuwa imekwisha kujiandika kichwani mwangu kwa maneno makali kuliko haya, wakati binti aliyeketi kwenye kompyuta ya pili, ambaye hadi hapo hakuwa amesema lolote, aliponiita. “Baba, lete nikuangalilie.” Akatafuta nakala nyingine kwenye diski tofauti. Ili kuhakikisha kuwa imekamilika alilazimika kuicheza sehemu ya mwisho, na hapo akafanya jambo ambalo nalitaja kwa heshima: alizima sauti na kukigeuza kioo cha kompyuta upande wake, nisione. Akatazama mpaka mwisho peke yake, akatabasamu kidogo, akaninakilia, na akakataa pesa.

Usiku huo tulitazama upya tangu mwanzo. Sasa nilikuwa mtu anayejua, na sikumwambia dada yangu. Nilimtazama yule daktari kila alipoinua kikombe. Niliona hatia katika namna alivyovaa glovu. Poirot alipowakusanya na kumgeukia daktari kwanza, nilivuta pumzi na kumlaani kijana wa dukani kwa mara nyingine. Halafu Poirot akamwacha daktari, akaendelea na mzunguko wake, na kumbe daktari hakuwa ameua mtu yeyote. Muuaji alikuwa mwingine kabisa, mtu ambaye mimi, kwa sababu ya kumkazia macho daktari, sikuwa nimemshuku hata mara moja, ilhali dada yangu alikuwa amemtaja tangu robo saa ya kwanza na akanikumbusha hivyo hadi tulipokwenda kulala.

Kijana yule hakuwa amekitazama kisa hicho kamwe. Alirusha jina la kwanza lililomjia, na bila shaka alijua kwamba katika vipindi hivi daktari hakosekani. Kwa hiyo alinidanganya, tena mbele ya watu, juu ya bidhaa aliyoniuzia ikiwa nusu, na uongo wake ukanipa mwisho wa kipindi uliosisimua kuliko mingi niliyoitazama kwa haki. Nimejaribu kuendelea kumkasirikia. Asubuhi huwa naweza. Jioni, nikikumbuka kile kikombe cha daktari, hasira inalegea, na hilo nalo linaniudhi.

Kwa sababu hiyo sijui nitoe nyota ngapi. Nilikusudia moja, na moja yenyewe ilikuwa ya joka. Binti wa kompyuta ya pili anastahili tano na mshahara wa mwenzake. Kijana nilitaka kumpa sifuri, lakini siwezi kuapa kwamba sikumfurahia, basi abaki hivyo bila alama. Huduma za mtandaoni nimezijaribu, na vipindi vya upelelezi wa kale huondolewa huko bila taarifa mtu akiwa katikati ya msimu, kwa hiyo nitarudi dukani, maana visa vya Poirot ni 70 na vilivyobaki ni vingi. Anayekusudia kwenda na afike wakati binti yule yuko zamu, aombe dakika za mwisho zikaguliwe kabla ya kulipa, kioo kikiwa kimegeuzwa, na akimwona kijana anavuta pumzi ili ataje mtu, azibe masikio. Filamu za madubwana achukue tu bila kukagua.