Nilivyomchorisha mama picha ya rangi za mafuta: nyota nne, ya tano ilinata kwenye karatasi

Mama yangu aliigiza jukwaani kwa miaka mingi kabla televisheni haijamchukua. Alipostaafu nikaona achorwe, maana picha za kupigwa anazo sanduku zima. Nilimpata mchoraji wa sura za watu anayetumia rangi za mafuta, tukakubaliana turubai ya sentimita 60 kwa 80, kiunoni kwenda juu, na mikono ionekane. Mikono niliing'ang'ania mimi. Waliomjua mama kwenye runinga wanaujua uso wake, lakini waliokuwa wakikaa viti vya nyuma ukumbini wanaijua mikono yake. Kutoka kule uso huwa doa tu.

Alianza na picha nilizomtumia, nyingi zikiwa za kwenye tamthilia. Mchoro wa kwanza ulifanana naye kabisa, ila hakuwa yeye. Alikuwa yule mama mkwe mkorofi wa kwenye runinga, kavaa nguo za mama yangu. Mchoraji aliligundua hilo kabla yangu. Akachukua kisu cha rangi, akakwangua uso wote, akasema, "Mleteni mwenyewe akae."

Tulikwenda vikao sita, saa mbili mbili. Shida ni kwamba mama hajui kukaa tu. Akitazamwa, anaigiza: shingo inapanda, kidevu kinatafuta taa. Mchoraji, kijana mwenye adabu, kila kikao alimsalimia kisha akamwuliza, "Mama, leo tumekaa na nani?" Mama anacheka, na akimaliza kucheka uso unashuka wenyewe. Hapo brashi ndiyo inaanza kukimbia.

Ubishi ulikuwepo. Mama alishaona kwenye simu picha ya mwigizaji wa Uingereza Ellen Terry, iliyochorwa na mchoraji John Singer Sargent mwaka 1889: yumo kama Lady Macbeth, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, kavaa gauni lililoshonewa mabawa ya mbawakawa, kainua taji kwa mikono miwili. Picha yenyewe iko kwenye jumba la sanaa la Tate, London, na urefu wake unapita mita mbili. "Nataka kama huyu," akasema. Mchoraji akamjibu taratibu kwamba hata ule mkao wa taji haukuwamo kwenye onyesho, Sargent aliubuni. Mama akanyamaza, lakini hakukubali.

Kikao cha nne alichoka. Akavua miwani, akawa anafikicha kiganja cha kushoto kwa dole gumba la kulia, kama nilivyokuwa nikimwona nyuma ya pazia akingoja zamu yake. Huo ndio mkao uliobaki kwenye turubai. Na lile kovu dogo juu ya nyusi, ambalo poda ililificha miaka yote, lipo, kwa mguso mmoja wa brashi wenye wekundu kidogo.

Sasa nyota iliyopotea. Rangi za mafuta hazikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya kitani hayageuki mvuke. Yanavuta oksijeni ya hewani na kugandamana polepole kuwa utando mgumu. Rangi ya udongo wa kahawia huwahi, nyeupe nyingi huchelewa, na ikipakwa nene huchelewa zaidi. Mtandio wa mama ni mweupe, na umepakwa nene. Picha ililetwa wiki tatu baada ya kikao cha mwisho, imeviringishiwa karatasi, na karatasi ikanata begani. Kuibandua kukaacha makunyanzi mahali penye ukubwa wa kiganja. Aliirudisha, akakwangua, akapaka upya bila malipo, tukangoja tena. Sina kinyongo naye, ila hilo alilijua yeye, sisi hatukulijua. Alitakiwa kuniambia siku ya kwanza.

Vanishi ya mwisho nayo tuliingojea miezi sita. Katikati hapo sehemu nyeusi za nywele zilipauka kabisa, mama akadhani rangi imechuja. Kumbe ni kawaida: tabaka la chini hunyonya mafuta ya la juu. Vanishi ilipopita, weusi ukarudi palepale mbele ya macho yetu.

Ningemwagiza tena? Ndiyo, ila safari hii nitauliza kuhusu kukauka kabla ya kuuliza kuhusu fremu. Picha tumeitundika mbali na dirisha. Mama hupita hapo kila asubuhi, husimama kidogo, na bado anauliza taji lake liko wapi.