Miezi 11 ya vifuniko angavu: uzoefu wangu wa kunyoosha meno nikiwa na miaka 41

Kazi yangu ni ukalimani mahakamani hapa Mombasa, na kwa miaka mingi nilizoea kuzungumza huku nimeinua mkono karibu na mdomo. Meno yangu ya mbele ya chini yalikuwa yamepandana, na chonge moja ya juu ilikuwa imetoka nje ya mstari, hata chakula kikawa kinajificha mahali ambapo mswaki haufiki na ufizi ukawa unavuja damu. Nilipofikisha miaka 41 niliamua kuyanyoosha, ila sikutaka nyaya za chuma zionekane kila ninapofungua kinywa mbele ya hakimu.

Kliniki ya kwanza niliyoiendea ilipiga picha za meno yangu kwa skana na papo hapo ikaniandikia malipo ya kwanza, bila eksirei na bila kuutazama ufizi. Jambo hilo lilinikera sana nilipokuja kuelewa hatari yake. Jino husogea kwa sababu mfupa huliwa upande unaokandamizwa na kujengeka upande wa pili. Ikiwa ufizi una ugonjwa, mfupa ulioliwa huenda usirudi, na jino likalegea. Daktari wa pili, bingwa wa mpangilio wa meno, alianza na eksirei ya taya zote mbili, akapima kina cha ufizi kwa kijiti chembamba chenye alama, akanisafisha ukoga, kisha akaniambia nisubiri miezi 2 ufizi upone. Kwa hilo tu alistahili fedha zangu.

Alinieleza njia tatu zisizojitokeza sana. Nyaya zenye vibandiko vya kauri hukaribiana na rangi ya jino, lakini vipira vyake hugeuka njano kwa manjano ya mchuzi, nami nyumbani kwangu mchuzi haukosi. Nyaya zinazobandikwa upande wa ulimi hazionekani kabisa, ila ulimi hukwaruzwa na matamshi huchukua muda kurudi sawa, jambo ambalo mkalimani hawezi kulichukulia kwa wepesi. Nikachagua vifuniko vya plastiki angavu vya Invisalign, vinavyotengenezwa na Align Technology, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1997. Gharama yake ilikuwa karibu maradufu ya nyaya za chuma katika kliniki hiyohiyo, nami nililipa kwa awamu.

Kabla vifuniko havijatengenezwa, daktari alinionyesha kwenye kompyuta jinsi meno yangu yatakavyosogea hatua kwa hatua. Nilifurahi hadi nikaona picha ya mwisho: mwanya wangu wa mbele ulikuwa umezibwa! Programu ilikuwa imeuhesabu kuwa kasoro. Mwanya huu nimeurithi kwa bibi yangu, na kwetu pwani mtu husifiwa kwa mwanya wake. Si pengo, ni uzuri. Nilimwomba daktari auache, naye akaurekebisha mpango bila ubishi, akanieleza kwamba nafasi ya kunyoosha meno ya chini ingepatikana kwa kusugua mbavu za meno machache kwa sehemu ndogo ya milimita. Nawasihi wote wanaofikiria matibabu haya waitazame picha ile ya mwisho kwa makini na waseme wanachotaka kabla ya kukubali.

Nilipewa vifuniko 24 vya juu na vingine kama hivyo vya chini, nikawa nabadilisha kila baada ya siku 10. Kila kimoja hulisogeza jino takriban robo ya milimita. Daktari alibandika pia vinundu vidogo vyenye rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushikia. Ukisimama karibu na mtu katika mwanga mkali ataviona, kwa hiyo neno "haionekani" lisichukuliwe kwa ukamilifu wake. Siku mbili za kwanza za kila kifuniko kipya jino huuma uking'ata kitu kigumu. Matamshi ndiyo yaliyonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa "th" na "dh" zetu huhitaji ncha ya ulimi iguse meno, na sasa ulimi ulikuwa ukikutana na plastiki. Nilisoma magazeti kwa sauti kila jioni, na kufikia siku ya tano "dhamana" na "thibitisha" zilikuwa zimerudi mahali pake.

Ugumu wenyewe uko kwenye saa. Vifuniko huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, na huvuliwa kwa kula na kwa kinywaji chochote isipokuwa maji, kisha lazima upige mswaki kabla ya kuvirudisha. Kahawa ya barazani, ambayo zamani ningeinywa polepole kuanzia alasiri hadi magharibi, niliipunguza ikawa kikombe kimoja cha haraka. Mwezi wa Ramadhani ulinirahisishia mchana wote. Kwenye harusi moja nilikifunga kifuniko katika karatasi laini kando ya sahani, na sahani ikaondolewa pamoja nacho. Daktari alinirudisha kwenye kifuniko kilichotangulia nikingojea kingine, nikapoteza wiki 2. Tangu hapo kijaluba chake hakitoki mkobani.

Baada ya vile 24, chonge ilikuwa haijageuka vya kutosha, nikaongezewa 9. Sasa navaa riteina, yaani kifaa cha kuyashikilia meno mahali pake mapya, kila usiku, na daktari amenionya kwamba nikiiacha meno yatarudi yalikotoka. Ufizi umeacha kuvuja damu, na uzi wa meno unapita bila kukwama kati ya meno ya chini, palepale ulipokuwa ukikatika kila siku.