Halua ya Wete kwa anaekwenda Maskati: mkienda kukaa kwa jamaa piteni kwanza kwa ami huyu

Wenzangu mnaotaka kwenda Maskati na mshapata pa kufikia kwa jamaa, naomba mnisikilize kabla hamjaanza kujaza mabegi biskuti za dukani. Piteni Wete hapa Pemba, kuna ami mmoja anapika halua barabara ile ya kuteremkia bandarini, hana kibao wala nini, ukifika pale ulizia kwa mpika halua tu watoto watakuonesha. Nampa nyota tano, na nitasema na mapungufu yake pia maana yapo.

Mimi nilikwenda kwa shoga zangu wawili tuliosoma pamoja skuli ya Fidel Castro hapa Pemba, mmoja kaolewa kule na mwengine anafanya kazi, wanakaa Al Khoudh, mtaa wa Maskati, karibu karibu, na miaka yote hii tumekuwa tunaonana kwenye simu tu. Nilivyowaambia nakuja wakanijia juu hata kabla sijataja hoteli, chumba kipo usituaibishe. Sasa fikiria, mtu kakupa chumba, kaja uwanja wa ndege usiku kukupokea na asubuhi ana kazi, anakupikia, anakupeleka huku na huku, maana Maskati bila ya gari huendi popote, mji umejinyoosha baina ya bahari na majabali na jua lake la kiangazi si la kutembea kwa miguu. Huyu humlipi pesa. Ukimtolea rial atakasirika na atakuwa na haki yake. Lakini mkono mtupu nao haiwezekani kwa mtu tuliefunzwa adabu.

Kwa hiyo nikawauliza mapema, niwaletee nini? Nawasihi na nyinyi ulizeni, msibahatishe, maana mtu akikaa ugenini muda mrefu kinachomsumbua roho sio kile unachodhania wewe. Mimi nilidhani watasema ng'onda au pilipili ya mbuzi. Wote wawili wakasema halua ya Wete. Nikastaajabu wallahi, kwa sababu Omani ndio kwenyewe kwa halua, kule ukiingia nyumba yoyote kabla hujaulizwa khabari ya watoto ushawekewa halua na kahawa, na Barka pale inasifika nchi nzima kwa halua yake. Wakanambia we lete tu.

Basi nikapanda daladala ya 606 kutoka Chake nikenda. Ami yule hauzi halua ya jana kwa mtu wa safari, kitu hicho ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Nilimwambia nataka kilo nne za kupanda nazo ndege, akaniuliza unasafiri lini mwanangu, unafikia kwa nani, huko kuna watu wazima ndani ya nyumba? Nikamjibu yupo mama mkwe wa shoga yangu. Akasema basi sukari ntaipunguza na iliki ntaongeza, rudi siku moja kabla hujaondoka. Nikaomba nikae nitizame siku anayopika na hakukataa, akaniwekea kigoda. Sufuria la shaba kubwa, sukari na maji mpaka inachemka vizuri, halafu uwanga ulokorogwa pembeni unamiminwa huku mwiko unazunguka, na ukianza kuzunguka hausimami tena, wanapokezana yeye na kijana wake. Samli inaingia kidogo kidogo, si yote kwa pamoja, halafu iliki, kungumanga, zafarani, lozi mwisho. Nikamuuliza unajuaje imeiva, akanionesha inavyoachia sufuria yenyewe na samli inavyochuruzika pembezoni, akasema wengi wanaepua hapa kati kwa ajili ya kuokoa kuni, na halua ya namna hiyo ikifika siku chache inatoa maji na kufanya chembechembe za sukari. Nishanunua sehemu nyengine ikanifanyia hivyo hivyo kwa hiyo nilimuelewa.

Sasa kufunga. Anauza kwenye vile vikapu vya ukili, vizuri sana kwa macho na mimi navipenda, lakini kwa ndege HAPANA, samli inapenya na nguo zako zote zitanuka. Yeye mwenyewe alinambia bila ya kumuuliza. Anayo makopo ya mfuniko, anajaza halua ikiwa bado ya moto, anaiacha ipoe wazi kabisa ndo afunike, maana ukifunika na joto unafungia na mvuke ndani. Halafu akanipa vikapu vitupu mbali, akasema ukifika wahamishie humo. Fikra hiyo tu inastahili nyota. Na tafadhalini wekeni kwenye begi kubwa linaloingia chini ya ndege, halua ni kitu laini, kwenye begi la mkononi mkaguzi anaweza kuihesabu kama majimaji akakunyang'anya na huna la kusema. Friji pia haitaki, inakuwa ngumu kama mpira, ikae kabatini tu na itakaa muda mrefu haiharibiki.

Kilichotokea kule sikukitarajia. Shoga yangu alipofungua kopo jikoni harufu ya iliki ilitoka, akanyamaza, akakaa chini. Halafu akaanza kupiga simu. Nilifika Alkhamisi usiku kwa makusudi, kule mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi kwa hiyo ukienda hivyo wenyeji wako wanakuwa na nafasi na wewe huwi mzigo kwenye siku za kazi, na Ijumaa baada ya sala nyumba ilijaa. Wapemba, Waunguja, watu wa Tanga na Mombasa wamo, Kiswahili kitupu sebule nzima. Alikuja na bibi mmoja mtu mzima sana aliyeondoka Wete msichana mdogo baada ya mapinduzi ya 1964, akala kipande kimoja taratibu kwa kahawa isiyo na sukari halafu akaanza kutaja majina ya mitaa, ya watu, nani alikuwa anapika halua pale zamani. Wajukuu zake walikuwa hawajapata kumsikia akiyazungumza hayo. Pembeni yake palikuwa na halua ya kule pia, nyeusi zaidi, ina marashi mengi ya mawaridi, nzuri mashaallah sina la kuitoa kasoro, lakini yetu ilimalizika mwanzo.

Kwa hiyo mimi nasema hoteli ingenipa kitanda tu. Kwa jamaa unapata Ijumaa kama ile, na zawadi iliyofikiriwa inafungua mlango huo, haihitaji kuwa ya bei kubwa. Nyongeza, nilibeba na doti za kanga kutoka soko la Darajani Unguja kwa mama mkwe na mafuta ya karafuu yanayokamuliwa Wawi, yalipendwa. Karafuu zenyewe msijaribu kufunga kilo na kilo mkajiona wajanja, zao hilo linapita ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na tunajua sote magendo ya karafuu yanavyotizamwa hapa.

Mapungufu ya ami sasa. Simu hapokei, au anapokea kijana anasema sawa sawa halafu oda haijaandikwa, bora uende mwenyewe au umtume mtu. Risiti hana. Bei iko juu kidogo kuliko halua ya kutembezwa sokoni, na inapanda lozi na samli zikipanda, kwa hiyo usiende na bei aloambiwa mwenzio mwaka jana ukaanza kubishana nae. Mie naona anastahili kila shilingi ila mwenye haraka na mwenye kupenda kupunguziwa atagombana nae. Ramadhani ikikaribia na msimu wa harusi usimfuate dakika ya mwisho, atakwambia hapana na hapana yake ni hapana kweli.

Kwa walio Unguja ambao hawawezi kuja Pemba, mtu wenu akiwa huku mpeni oda apande nayo boti pale Mkoani, makopo yanasafiri vizuri tu. Mwambieni ami mapema ni ya ndege, watu wazima wapo au hawapo, lozi nyingi au kidogo. Akikwambia njoo asubuhi nenda asubuhi, ikifika adhuhuri kopo lako anaweza kuwa kashampa mwengine.