Duka la vichezeo Kariakoo: bidhaa nzuri, rafu zinazowagawa watoto

Duka hili, lililopo ghorofa ya kwanza ya jengo moja la Kariakoo, Dar es Salaam, ni miongoni mwa maduka machache ambako nimepata vichezeo vinavyodumu. Vitofali vya plastiki nilivyonunua kwa shilingi 45,000 vinashikana barabara, havina ncha za kukata vidole, na baada ya miezi minne ya kurushwa sakafuni hakuna hata kimoja kilichopasuka. Wahudumu ni wakarimu, na kichezeo chenye kasoro hubadilishwa ndani ya siku saba.

Kinachonisikitisha ni mpangilio wa rafu. Upande wa kushoto, uliopakwa rangi ya waridi, kuna majiko, sufuria ndogo, wanasesere na cherehani. Upande wa kulia, wa buluu, kuna magari, vitofali, darubini na mikoba ya daktari. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka mitano, alikwenda moja kwa moja kwenye jiko, na mhudumu akamshika mkono kwa upole akimwambia, "Hiyo ni ya dada zako, njoo huku uone magari." Aliirudisha sufuria aliyokuwa ameishika, wala hakuigusa tena hata nilipomwambia kwamba nitamnunulia. Dada yake wa miaka minane, aliyekuja kutafuta vitofali vya kujengea daraja, aliniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kwenda upande ule.

Mgawanyo huo haufanani hata na mtaa uliopo chini ya ngazi za duka. Mafundi cherehani wanaoshona vibarazani Kariakoo wengi wao ni wanaume. Wakaanga chipsi mayai wa jioni, vivyo hivyo. Na katika shughuli nyingi za Pwani, masufuria makubwa ya pilau na biriani hushikwa na wapishi wanaume wanaolipwa ujira wao. Jiko na cherehani vikileta fedha huwa kazi ya mwanamume, lakini vikiwa kazi ya nyumbani isiyo na malipo, msichana huzoeshwa kuvipokea hata kabla hajajua kusoma. Naamini madhara huanzia hapo, kwa sababu mtoto anayejenga na kubomoa vitofali hujifunza kupima, kuhesabu na kukadiria uzito, na yule anayejipikilisha na wenzake hujifunza kugawa, kusubiri zamu na kuwajali wengine, nasi tunamnyima kila mmoja nusu ya mafunzo hayo.

Wala rangi hizo si desturi ya kale. Mwezi Juni 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto nchini Marekani liliandika kwamba rangi ya waridi ni ya wavulana na buluu ni ya wasichana. Kampuni ya LEGO ya Denmark, inayotengeneza vitofali vya kuchezea, nayo ilitangaza Oktoba 2021 kwamba itajitahidi kuondoa dhana potofu za kijinsia katika bidhaa zake.

Nilizungumza na msimamizi, akanisikiliza kwa heshima na kueleza kwamba masanduku hutoka kiwandani yakiwa na picha za wavulana au wasichana. Picha hawezi kuzibadilisha, lakini rafu ni zake, nami nilimwomba azipange kwa umri wa mtoto, ambao tayari umeandikwa kwenye kila sanduku. Kwa sasa natoa nyota tatu kati ya tano. Jiko nililinunua pia, kwa shilingi 28,000; zilipita wiki mbili kabla mwanangu hajakubali kulichezea mbele ya wageni.